Si buibui, ni kidato

Mwezi uliopita nilimpeleka mama Malindi kwenye mahafali ya mjukuu wake. Alfajiri tulivuka kwa mashua kutoka Lamu hadi Mokowe, bara, tukapanda basi, na adhuhuri tukawa tumeketi juu kabisa ya ukumbi uliopangwa viti kama upinde, safu baada ya safu zikiteremka mpaka jukwaani. Ukumbi mzuri, sikatai. Jina la mtoto lilipoitwa, mama akasimama ashuke kumvisha shada la maua. Alipofika kidato cha nne au cha tano cha ngazi, mguu ulitafuta chini usipate. Akadaka mgongo wa kiti cha mtu asiyemjua. Kiatu kimoja kikatangulia safu mbili mbele. Hakuumia, alhamdulillahi. Kijana wa kuelekeza watu akaja mbio: "Mama, inua buibui!"

Neno hilo ndilo lililonikera. Mama amevaa buibui zaidi ya miaka hamsini, na maisha yake yote ameshuka ngazi za nyumba ya mawe ya Mkomani na sinia kichwani na mtoto kiunoni. Sisemi ngazi zile ni salama. Ni za wima, nyembamba, na nyanya yangu alipozeeka alizishuka kwa makalio huku sisi watoto tukicheka. Lakini mguu wa mwenye nyumba unazijua. Mgeni wa ukumbi hana siku ya kuzizoea. Ana mara moja tu, tena taa zimezimwa.

Mimi ni fundi wa ujenzi na futi hainitoki mfukoni. Watu walipotoka nikainama nikapima. Kati ya safu na safu mna vidato viwili, na havilingani: kimoja sentimita 15, kinachofuata 19. Anayeshuka hatazami kila kidato. Mguu huchukua kipimo cha kilichopita ukaamini kijacho ni kama hicho. Sentimita nne pale ni shimo.

La pili lilinichukua muda kuliona. Ujia wenyewe haukwenda moja kwa moja jukwaani, ulipinda kufuata ukuta. Kwa hiyo kila kidato ni kipana upande wa ukutani na chembamba upande wa viti, kama kipande cha mkate wa sinia. Reli ya kushikia hakuna. Sasa mtu mzima akitaka kujishikiza, atashika nini? Migongo ya viti. Na akiifuata migongo ya viti anakanyaga palepale pembamba. Nilipima sentimita 21. Kisigino kikikaa, vidole vinaning'inia.

Mabadiliko ya kimo yana sababu yake, tusiwaonee wachoraji. Aliye nyuma lazima aone juu ya vichwa vya mbele, hivyo safu za nyuma huinuliwa zaidi, na vidato vya ujia hufuata safu. Kanuni za mfano za ujenzi za Marekani, IBC (International Building Code), zinalijua hilo. Zinaruhusu kidato cha ujiani kuwa na kimo cha milimita 102 hadi 203, wakati ngazi ya kawaida mwisho wake ni 178. Sehemu ya kukanyaga isipungue 279. Lakini ukingo wa kila kidato uwe na mstari wa rangi inayoonekana, na vimo vya vidato viwili vinavyofuatana vikipishana kwa zaidi ya milimita 5 hivi, hapo pawe na mstari mwingine tofauti wa kumtahadharisha mtu. Penye viti pande zote mbili, reli hukaa katikati ya ujia, ikiachwa nafasi ya kupenya angalau kila baada ya safu tano. Ngazi ya kupinda nayo, upana wa kukanyaga hupimwa milimita 305 kutoka upande wa ndani, yaani pale mguu unapopita kweli, na hata kwenye wembamba wake isishuke chini ya 254.

Kwetu Kenya tulijenga kwa kanuni za 1968 zaidi ya nusu karne, mpaka ikaja Kanuni ya Kitaifa ya Majengo ya 2024. Karatasi mpya tunazo. Ninachokiona mimi kwenye kazi ni kwamba mkaguzi hupiga hodi kutazama nguzo na zege, ambayo ni haki yake, ila sijawahi kumwona mmoja akiinama kupima kidato cha pili na cha tatu.

Simkatazi mtu kupinda safu zake. Safu na zipinde, ila ujia ukate moja kwa moja kuelekea jukwaani, ndipo vidato vibaki na upana mmoja kulia na kushoto. Kwa ukumbi uliokwisha kujengwa, kopo mbili za rangi na bomba la kushikia, kazi ya siku tatu. Nilimwambia msimamizi hivyo. Akaniuliza kama natafuta tenda.

Mama alirudi juu akaketi, hakutaka kujaribu tena. Picha ya familia ilipigwa mbele ya jukwaa bila yeye. Ukiikuza utamwona safu ya mwisho, doa jeusi limeinua mkono, na shada bado analo.