Ua Liingie Mwisho

Kokteli nyingi za maua zinazotengenezwa nyumbani huharibiwa na ua lenyewe. Mtu ananunua chupa ya maji ya waridi, anamimina kijiko kizima kwenye pombe ya jini (gin) na stroberi, anaonja, na anachokuta kinywani ni manukato. Basi waridi linalaumiwa, chupa inasukumwa nyuma kabatini, na majira ya machipuko yakirudi anaendelea na limau lake na sukari. Huwa inaniuma. Kinywaji cha matunda na maua kilichotengenezwa vizuri ni kitu cha kumkaribishia mgeni baridi inapoisha na jua kurudi, na wala hakihitaji ujuzi wa baa. Kinahitaji mpangilio tu: tunda limridhishe ulimi, ua limridhishe pua, na ua liingie mwisho.

Ulimi haupati mengi kwenye waridi. Unajua utamu, uchachu, uchungu, chumvi na ule ukolezi wa nyama na uyoga, basi. Karibu kila tunachokiita ladha ya waridi, lavenda au asmini ni harufu inayopanda puani kutoka nyuma ya koo. Harufu haihitaji wingi. Ukiizidisha, ua haliongezeki uzuri, bali linageuka sabuni, na sababu yake ni wazi: kemikali za linaloli na geranioli zinazonukia kwenye maua haya ndizo hizohizo watengenezaji wa sabuni na marashi wanazozitumia. Pua inakumbuka bafu kabla ya kukumbuka bustani.

Wahudumu wa baa wa zamani walilijua hilo. Henry Ramos alipoanza kuuza kinywaji chake cha jini mjini New Orleans mwaka 1888, alitia limau, ndimu, sukari, krimu, ute wa yai na maji ya soda (yenye gesi, bila sukari), lakini maji ya maua ya mchungwa aliyahesabu kwa matone. Kinywaji kizito namna ile, chenye krimu na yai, na bado matone machache yanatosha kukitambulisha tangu glasi haijafika mdomoni. Mfano mwingine ni kokteli ya Aviation, iliyochapishwa New York mwaka 1916 na Hugo Ensslin: jini, limau, likeri (pombe tamu) ya cheri na kiasi kidogo cha likeri ya vayoleti, ua dogo la zambarau. Harry Craddock alipoichapisha London mwaka 1930 aliiacha vayoleti, na kwa miongo mingi watu wengi wakainywa bila ua. Ilinyweka vizuri, kwa kuwa mizani ya limau na utamu ilikuwa imekaa sawa. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo. Kokteli yako ikiwa haifai kunywewa kabla ya ua kuingia, ua halitaiokoa.

Kwa hiyo tuanze na tunda. Mimi nachagua stroberi, na ninasisitiza zisipikwe. Stroberi iliyochemshwa inanukia jemu. Ule ubichi wake mwepesi unaondoka na mvuke. Chukua gramu 250 za stroberi zilizoiva hadi ndani, zile ambazo ukizikata katikati hukuti moyo mweupe. Zikate vipande, zifunike kwa gramu 200 za sukari, tia maganda ya limau moja yaliyomenywa kwa juujuu bila ile nyama nyeupe, kisha funika bakuli uliache kwenye friji usiku kucha. Sukari inavuta maji ya tunda yenyewe, bila moto. Asubuhi utakuta vipande vimenywea na vinaelea kwenye shira nyekundu inayong'aa, na chini kabisa kuna sukari kidogo ambayo haijayeyuka. Koroga iishe, chuja bila kukamua sana ili shira ibaki angavu, weka kwenye chupa safi. Kwenye friji inakaa kama wiki moja ikiwa bado nzuri. Vile vipande vilivyobaki usivitupe, ni vitamu juu ya mtindi.

Kwa glasi moja pima mililita 50 za jini, 20 za maji ya limau lililokamuliwa muda huohuo, na 25 za shira ya stroberi. Jini inafaa kuliko vodka kwa sababu mreteni (tunda dogo linaloipa jini harufu yake) na maganda ya machungwa yaliyomo ndani yake tayari yana harufu ya mimea, hivyo ua linakuta jamaa zake. Ongeza chembe chache za chumvi, kidogo kiasi kwamba hutaitambua; inapunguza uchungu na tunda linasikika zaidi. Jaza barafu ngumu, iliyotoka kwenye friza wakati huohuo, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hivi. Barafu inapoza, na pia inaongeza maji karibu robo ya ujazo, na maji hayo ni sehemu ya kinywaji. Asiyetikisa vya kutosha anapata kitu kikali chenye kunata. Kumbuka pia kwamba baridi hupunguza utamu ulimini, kwa hiyo mchanganyiko ukionekana mtamu kidogo kabla ya barafu, uko sawa.

Chuja kwenye glasi yenye mdomo mpana. Hapa nina msimamo mkali: glasi ndefu nyembamba inakinyima kinywaji cha maua nusu ya raha yake, kwa sababu pua inabaki nje. Ongeza maji ya soda baridi kidogo ukipenda, mililita 30 hivi. Viputo vikipasuka juu vinarusha harufu usoni.

Sasa ndipo waridi linaingia. Chovya ncha ya mrija kwenye chupa ya maji ya waridi, ziba juu kwa kidole, dondosha tone moja juu ya kinywaji. Nusa. La pili. Nusa tena kisha onja. Chupa hazilingani nguvu, nyingine ni maji mepesi na nyingine tone lake moja linajaza chumba, hivyo hakuna kipimo cha kuandikwa kitakachomfaa kila mtu. Unatafuta mahali ambapo stroberi inaonekana imeiva zaidi na hujui kwa nini. Ukiweza kusema mara moja kwamba hili ni waridi, umepita tone moja.

Ukitaka kubadilisha tunda, fuata harufu zinazoshirikiana. Lichi na waridi zina kiini kimoja cha harufu ndani yao, ndiyo maana lichi hunukia waridi hata pasipo waridi. Raspberi ina ionone, kemikali za harufu zilezile zinazoipa vayoleti harufu yake, na ukizikutanisha raspberi inapata kina ambacho sukari haiwezi kuipa. Lavenda naipenda, lakini ina haraka: ukiilowesha kwenye jini, onja kila baada ya nusu saa na uichuje mara harufu inapotosha, maana uchungu uko nyuma yake.

Kuhusu maua mabichi sina mzaha hata kidogo. Maua ya duka la mapambo yasiingie kwenye glasi, kwa kuwa hupuliziwa dawa zisizokusudiwa kwa chakula. Oleanda, dafodili na yungiyungi la bondeni ni sumu, hata kama yanapendeza kuelea juu ya kinywaji. Maua ya elda, kichaka chenye vishada vya maua meupe, ni matamu sana, lakini majani na vijiti vyake vina kemikali zinazoweza kutoa sianidi, kwa hiyo vichambuliwe vyote kabla ya kutengeneza shira. Ukiwa na waridi la bustanini lisilopuliziwa kitu, kata ile sehemu nyeupe chini ya kila petali. Ndipo uchungu ulipo.

Asiyekunywa pombe asipewe maji mekundu yenye sukari na kuambiwa ndiyo yake. Lowesha chai ya asmini kwenye maji baridi, gramu 10 kwa lita, saa sita kwenye friji, uitumie badala ya jini, safari hii mililita 80. Ule ukakasi wa chai unashika ulimi kama pombe inavyofanya, na ua tayari limo ndani yake, kwa hiyo waridi liache kabisa au uishie tone moja.

Na ukitengeneza jagi la watu wanane, zidisha jini, limau na shira mara 8, ongeza maji baridi robo ya ujazo wote badala ya kutikisa, uliache jagi kwenye friji saa mbili. Maji ya waridi usiyazidishe mara 8. Matone hayalingani, na kosa dogo kwenye glasi moja linakuwa kubwa kwenye jagi. Tia nusu ya hesabu wageni wanapoketi, koroga, nusa, kisha ongeza kidogokidogo.