Mmarekani mbele ya lango la Oxford

Maombi ya Oxford na Cambridge hufungwa tarehe 15 Oktoba. Siku hiyo vijana wengi wa Kimarekani bado wanahangaika na insha za vyuo vya kwao, ambavyo vingi hupokea maombi hadi mwanzoni mwa Januari. Anayetaka Uingereza huwa ameshachagua chuo kimoja kati ya hivyo viwili, maana kuomba vyote kwa mwaka mmoja ni marufuku. Tena ameshachagua somo.

Hapo kwenye somo ndipo penye kazi. Kwao, kijana huingia chuo akionja hiki na kile, na kwa kawaida hutangaza fani yake mwaka wa pili. Oxford hakuna kuonja. Ukiingia kusoma Historia, ni Historia mpaka siku ya joho. Mtanzania aliyepita kidato cha tano anaijua hali hii: ni tahasusi, ila masomo matatu yamebaki moja. Na unahodha wa timu ya mpira wa kikapu, unaopendeza sana kwenye fomu za Marekani, huku hausaidii kitu.

Anachopata ni kikao cha kila wiki. Anapewa swali na orodha ya vitabu, anaandika insha, kisha anakaa chumbani kwa mhadhiri, pengine na mwenzake mmoja au wawili, kuitetea sentensi kwa sentensi. Kama hukusoma, dakika tano zinatosha kukuumbua. Williams College ya Massachusetts ina kozi za namna hii, lakini ni baadhi tu. Huko Oxford, kikao hicho ndicho uti wa mgongo wa masomo.

Watetezi wa kusoma Uingereza hupenda kuongeza kwamba ni nafuu. Ni kweli nusu. Ada ya mgeni Oxford inazidi pauni 35,000 kwa mwaka, lakini kozi nyingi ni miaka mitatu, wakati vyuo binafsi maarufu vya Marekani, ada na malazi pamoja, vimepita dola 80,000 kwa mwaka, tena kwa miaka minne. Sasa mtazame mtoto wa fundi bomba. Harvard, tangu mwaka wa masomo 2025/26, haitozi ada familia ya kawaida yenye kipato kisichozidi dola 200,000. Ruzuku ya serikali ya Marekani iitwayo Pell nayo haivuki bahari. Kinachovuka ni mikopo. Kwa hiyo unafuu huo ni wa wenye kipato kikubwa mno kupewa msaada, lakini kisichotosha kulipa bila kuumia. Wanaouhubiri mara nyingi ni haohao.

Kwa maoni yangu, pesa zisiamue peke yake. Kijana anayesoma fizikia usiku bila kuagizwa na mtu, na hesabu ya nyumbani inaruhusu, aende. Aliyeandika jina la somo kwenye fomu akalifuta mara tatu, atazame Scotland: katika Chuo Kikuu cha St Andrews shahada ni miaka minne, miwili ya mwanzo ina nafasi ya kuchanganya masomo, na Wamarekani wenzake atawakuta tele.