Kiyoyozi au feni darasani: hesabu ya umeme na hesabu ya hewa

Skuli za ghorofa zimeongezeka Unguja na Pemba, na pamoja nazo umekuja ubishi wa viyoyozi. Wazazi wanauliza kwa nini ofisi ya mwalimu mkuu ipozwe na watoto watokwe jasho. Wanaosimamia matumizi wanajibu kwamba feni zinatosha. Wote wanabishania bili, na kuna kitu kimoja hawakizungumzii: hewa.

Nianze na watu wa kiyoyozi, maana hubezwa bure. Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na kwa unyevu wa pwani jasho halikauki. Mtoto aliyekaa kitako hutoa joto la wati 70 hivi. Wakiwa 45 ni zaidi ya kilowati 3, kama vile umeacha pasi tatu zinawaka darasani. Wa mkondo wa mchana, yaani zamu ya pili ya masomo, wao huingia bati likiwa limeshachemka. Kumwambia mtoto huyo avumilie kwa kuwa babu yake alivumilia si hoja.

Sasa umeme. Feni 4 za dari, za wati 70 kila moja, zikizunguka saa 8 kwa siku, mikondo yote miwili, hula uniti 2 na kidogo. Viyoyozi 2 vya wati 1,500, hata tukivihesabia theluthi moja ya muda vinapumzika, hula uniti 16. Skuli ya madarasa 30 kwa siku 200 za masomo itatumia kama uniti 13,000 kwa feni na 96,000 kwa viyoyozi. Zipo siku hizi feni za wati 30 zinazofanya kazi ileile, na paneli mbili za jua juu ya paa zinazimudu feni za darasa zima wakati jua linapowaka.

Wengi hufungia mjadala hapo, lakini kubwa halijaguswa. Kiyoyozi tunachokijua, cha kutundika ukutani, hakiingizi hewa. Kinapoza na kuzungusha ileile iliyomo. Madirisha yakifungwa, kabonidayoksaidi ya pumzi za watoto 45, ambayo nje ni kama sehemu 420 kwa milioni, inaweza kupita 1,000 ndani ya robo saa. Ule usingizi wa saa nne asubuhi hautokani na uvivu peke yake. Na ukitaka kuingiza hewa ya kutosha, tuseme lita 8 kwa sekunde kwa kila mtoto, halafu uipoze na kuikausha, kwa hesabu yangu utahitaji karibu kilowati 4 nyingine, juu ya zile 3 za viyoyozi vyenyewe. Kwa hiyo hata ile tofauti ya uniti hapo juu imempendelea kiyoyozi. Majedwali ya Ulaya hayatusaidii sana hapa: kwao gharama kubwa ni kupasha moto hewa inayoingia wakati wa baridi, ndiyo maana wanafunga mitambo ya kuokoa joto la hewa inayotoka.

Upande wa feni nao una dosari ambayo watetezi wake huipita kimyakimya. Feni haileti hewa mpya. Inapuliza ngozi, mtu akahisi joto limepungua nyuzi 2 au 3, basi. Mleta hewa ni upepo, na upepo wetu una majira. Kaskazi ikivuma sawa, kusi ikivuma sawa. Tabu ni tanga mbili, majira ya kati ya pepo hizo, kama Aprili, bahari imelala, mvua ya masika inapiga kwa ubavu na mwalimu anaamuru madirisha yafungwe. Siku hizo feni ya kutoa hewa ukutani, ya wati 100 tu, ingefanya kazi kubwa, lakini nani huikumbuka?

Na madirisha yenyewe! Alumini ya kusukuma hufunguka nusu, kwa sababu kioo kimoja hujificha nyuma ya mwenzake. Upande wa ukumbi, yaani varandani, mara nyingi ukuta ni mzima. Shika karatasi katikati ya darasa la namna hiyo saa saba mchana uone kama itatikisika. Matofali ya matundu juu ya milango, yaliyokuwa kitu cha kawaida, yameachwa kwa sababu yanaonekana ya kizamani.

Kingine ni kwamba umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa baharini, Ras Kiromoni hadi Fumba. Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Umeme ukikatika, darasa la madirisha linaendelea na somo. La kiyoyozi linahamia chini ya mwembe.

Kwangu mimi, kiyoyozi kipewe chumba cha kompyuta. Madarasa yapate feni, dari chini ya bati, na madirisha yanayotazamana. Kwa skuli ambayo msingi haujachimbwa, kuligeuza jengo lipokee kaskazi na kusi ni kazi ya kalamu ya mchoraji. Kwa zilizokwisha jengwa, ni kutoboa ukuta wa ukumbini na kubadilisha fremu, jambo ambalo mafundi wanaweza kuanza likizo ya Desemba.