Uzio wa Kumzuia Kuku

Bustani yangu ina matuta matano tu: mawili ya mchicha, moja la chainizi, moja la matembele na moja la nyanya chungu, yote yakiwa nyuma ya nyumba yetu hapa Kihonda, Morogoro. Kwa eneo ambalo ninaweza kulizunguka kabla chai haijapoa, sikutarajia kwamba kuchagua uzio kungenichukua muda mrefu kuliko uchumba wangu wote, mahari ikiwemo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuomba ushauri. Fundi ujenzi aliikagua bustani kwa macho ya huruma, akapima kwa hatua, kisha akatamka kwamba hapa panahitajika ukuta wa tofali za inchi sita, kozi nane, wenye nguzo za zege kwenye kona na chupa zilizovunjwa juu yake. Nilipomuuliza kama mchicha utaliona jua nyuma ya kozi nane, alinijibu, "Mzee, mchicha utakuwa salama." Nikapiga hesabu ya saruji, nikaona kwamba kwa fedha hizo ningeweza kununua fungu la mchicha sokoni kila siku mpaka nistaafu. Nikamshukuru na kumsindikiza.

Nikakimbilia mabanzi, yale magamba ya magogo yanayobaki baada ya kupasua mbao, kwa kuwa bei yake haimwogopeshi mtu. Niliambiwa nipake oili chafu kwenye miguu ya nguzo kabla ya kuzifukia, nikaona huo ni uchafu usio na sababu. Mchwa hawakunichelewesha. Walizila nguzo kwa ndani kuanzia chini ya ardhi, wakaliacha ganda la nje likiwa zima, hata uzio ukawa umesimama kwa mazoea tu. Siku shemeji yangu alipouegemea ili anisalimie vizuri, ulilala naye kwenye chainizi, upande mzima, taratibu na bila kelele.

Baada ya hapo nikafunga seng'enge, nyuzi tano zilizokazwa sawasawa. Joseph Glidden, mkulima wa Illinois nchini Marekani, alipopata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, alikuwa akiwafikiria ng'ombe, na kwa ng'ombe sina ubishi naye. Mbuzi wa mtaani waliacha manyoya machache kwenye miiba, wakanuna, wakaenda kula maua ya watu wengine. Lakini adui yangu hasa ni kuku mmoja mwekundu wa jirani yangu, Mama Zuhura. Kuku huyo alifika kwenye uzi wa chini, akainamisha kichwa kama mgeni anayeingia nyumba yenye mlango mfupi, akapita, akajikung'uta, akaanza kuchakura tuta la mchicha kwa miguu yote miwili. Aliyenaswa na seng'enge nilikuwa mimi, niliyekwenda kumfukuza nikiwa na suruali ya kazini.

Mke wangu, ambaye alikuwa amechoka kushona suruali, akapendekeza uzio wa miti. Minyaa tuliikataa kwa sababu utomvu wake mweupe huunguza macho, nasi tuna watoto wasioweza kuona jani bila kulichuma. Mibono kaburi ina sifa nzuri: unachomeka vijiti, vinashika, na mbuzi hawaigusi. Pamoja na kwamba mbegu zake ni sumu, tatizo kubwa lilikuwa jina. "Baba Asha," alisema mke wangu, "mimi sitazungushiwa mibono kaburi nikiwa bado napumua." Michongoma ingefaa, ila mpaka ishikane vizuri, kuku yule angekuwa na vitukuu.

Niliwahi pia kumshauri Mama Zuhura, kwa adabu zote, ampunguze kuku wake manyoya ya bawa moja ili asiruke. Akaniuliza kama mimi ningekubali kunyolewa upande mmoja nikatembee mjini.

Mwishowe nilinunua wavu wa waya, ule wa mabanda ya kuku, pamoja na nguzo za mkaratusi, ambazo safari hii nilizipaka oili chafu mpaka zikang'aa. Nilichimba mtaro wa shubiri moja kuzunguka matuta na kuufukia wavu kwa chini, nikatengeneza na kilango chenye komeo. Tulimaliza magharibi. Nililala usingizi wa mtu mwenye mipaka.

Asubuhi nilimkuta yule kuku mwekundu ndani, akitoka kwenye matembele na vifaranga tisa. Kuku huatamia siku 21. Maana yake alikuwa amehamia humo wakati mimi bado nabishana kuhusu mibono. Vifaranga walikuwa wakipita kwenye matundu ya wavu, wakitoka na kurudi watakavyo, huku mama yao akiwaita katikati ya mchicha. Nilifungua kilango, nikakishikilia, nikamkaribisha nje. Akanitazama kwa jicho moja, akaendelea kuchakura.

Mama Zuhura alikuja akasimama nje, akautikisa wavu kidogo kwa mkono, akaridhika.

"Basi mwache humo mpaka wakue, Baba Asha. Huku nje kuna kicheche, na uzio wako naona ni imara."

Kisha akanipitishia juu ya wavu bakuli la pumba za kuwalishia.