Mzee akisema "nimechoka", tunamsikia nani?

Daktari ameshasema hakuna tena dawa ya kuponya. Mzee yuko kitandani, akili yake timamu, na jioni moja anawaambia wanawe: "Nisaidieni niondoke." Kuanzia hapo nyumba inagawanyika. Binti anayemgeuza baba yake usiku kucha ili vidonda vya mgongoni visichimbike zaidi, huenda akawa wa kwanza kumwelewa. Kaka anayepiga simu kutoka mbali ndiye anayesisitiza apambaniwe mpaka mwisho. Ni rahisi kumwona mnafiki, ila yeye bado hajamuaga baba yake.

Kuna mambo mawili hapa, na watu huyachanganya. Kukataa mashine ya kupumulia au duru nyingine ya kemo, yaani dawa kali za saratani, si kujiua. Ni kuuacha ugonjwa ushike njia yake. Kupewa dawa ya kukatisha uhai ni jingine kabisa, na nchi zinazoruhusu ni chache: Uholanzi na Ubelgiji tangu 2002, Kanada tangu 2016, New Zealand tangu 2021. Katika jimbo la Oregon, Marekani, sheria ilianza kutumika 1997: mgonjwa awe amekadiriwa kubakiza miezi 6 au chini ya hapo, madaktari wawili wathibitishe, na dawa aimeze mwenyewe.

Wanaounga mkono wanasema mwili ni wake na maumivu ni yake. Oregon inawapa nguvu: takriban theluthi ya wanaoandikiwa dawa hiyo hawaitumii. Yaelekea kwa baadhi yao ilitosha kujua kwamba mlango upo.

Wanaopinga wanasema uhai ni amana, si mali ya mtu. Sibishani na imani ya mtu. Hoja yao inayoninyima usingizi ni nyingine: neno "mzigo". Kwenye ripoti za Oregon, sababu inayotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia. Hofu ya kuwa mzigo kwa familia nayo hutajwa sana, kuliko hata maumivu. Sasa mzee akisema "sitaki kuwasumbua", ni yeye anayesema, au amesoma uso wa binti aliyekesha?

Ndiyo maana tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na kumfariji mgonjwa, haiwezi kuwa nyongeza tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010 uliwafuatilia wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Waliopewa tiba hiyo mapema waliishi muda mrefu kuliko wenzao, kwa zaidi ya miezi 2, ingawa walipata matibabu makali machache zaidi mwishoni.

Mimi niko upande wa mzee kuamua. Lakini kwanza apewe mofini, dawa kali ya maumivu, ya kutosha, na binti apokewe zamu walau wiki moja alale. Kisha mzee aulizwe tena, watoto wakiwa nje ya chumba. Akirudia lilelile, na sheria ya alipo inaruhusu, sioni kaka wa kwenye simu anamzuia kwa haki ipi.