CAPA: homoni ya kukojoza au ya kuzuia mkojo?

Mdudu hana figo. Kazi hiyo hufanywa na mirija ya Malpighi, myembamba kama uzi, inayoelea katika damu yake na kumwaga mkojo kwenye utumbo. Humo hakuna shinikizo la kuchuja damu. Pampu hutoa protoni kwenye seli na kuzitia ndani ya mrija. Protoni zikirudi, potasiamu na sodiamu hutoka kwa kubadilishana nazo, kloridi inafuata, kisha maji. Homoni ndizo zinazopanga kasi. Rhodnius, mdudu mnyonya damu, akishiba hadi mara kumi ya uzito wake, serotonini na wenzake huipandisha kasi ya mirija takribani mara 1,000.

Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwa CAPA, homoni ya wadudu ambayo ni peptidi, yaani kipande kifupi cha protini.

Kwa inzi wa matunda, Drosophila, vipimo vya awali vilionyesha kwamba inaongeza mkojo: kalisiamu hupanda ndani ya seli kuu za mrija, kisha oksidi ya nitriki, kisha cGMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Kwa Rhodnius na mbu Aedes aegypti, CAPA hupitia cGMP hiyohiyo lakini hukata mkojo uliochochewa na homoni nyingine. Ujumbe mmoja, matokeo kinyume. Wanaosema CAPA ni kizuizi kila mahali walipata nguvu mwaka 2018, ilipoonekana kwamba hata kwa inzi, dozi ndogo mno za kiwango cha femtomoli hupunguza mkojo, na ni dozi kubwa ndizo zinazouongeza.

Hoja nzuri, ila tuangalie kipimo chenyewe. Tangu enzi za mtafiti Ramsay, aliyebuni kipimo hiki miaka ya 1950, mrija hukatwa na kuwekwa kwenye tone la maji ya chumvi chini ya mafuta, ncha yake ikavutwa nje na kuzungushwa kwenye pini. Mkojo hutoka kama kitone, kipenyo chake kinapimwa kwa hadubini, ujazo ukakokotolewa. Ni kipimo safi kabisa, lakini utumbo wa nyuma, unaorudisha maji na chumvi mwilini, haumo. Kinachotoka kwenye mrija sicho anachokitoa mdudu.

Kwa hiyo upande wa kwanza, wa wanaosema CAPA huongeza mkojo wa inzi, una silaha nzito zaidi kuliko inavyosemwa: inzi waliopunguziwa jeni ya capa huvumilia ukame muda mrefu zaidi. Kama CAPA ingekuwa inawawekea maji, wangetangulia kufa. Kweli, mwili uliokosa homoni unaweza kujirekebisha kwa njia nyingine, na jaribio hilo peke yake halimalizi kesi.

Kwa wanyonya damu, naona ushahidi wa uzuiaji umetosha. Kwa inzi, kubishana juu ya dozi za maabara ni kuzungukazunguka bila kufika. Kinachotakiwa ni kiasi cha CAPA kilichomo kwenye damu ya inzi mwenye kiu, kikilinganishwa na cha aliyekunywa. Na wanaotaka kuigiza peptidi hizi ili kuua wadudu waharibifu wana sababu ya kusubiri jibu hilo: dawa ya kumkausha mmoja inaweza kumhifadhia mwingine maji.