Mvua Haiombwi na Mtu Mmoja

Ukipita Nkuhungu, Chang'ombe au kandokando ya soko la Majengo hapa Dodoma, utayasoma matangazo ya wahubiri kwenye nguzo za umeme na kuta. Njoo upokee ajira yako. Njoo upokee mwenza. Njoo ufunguliwe laana ya ukoo. Chini kabisa kuna namba ya simu ya kutuma sadaka.

Siwabezi wanaoitikia. Huu ni mji wa watu wanaotafuta. Tangu Serikali iliposhika kasi ya kuhamia huku mwaka 2016, mabasi yanashusha vijana wenye bahasha za vyeti kwapani. Kijana anafikia kwa shangazi, anazunguka ofisi hadi Mji wa Serikali kule Mtumba, jioni anarudi na soli zilizolika. Huyo akiambiwa kuna mafuta yanayofungua milango, atakwenda. Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi mafuta ya upako. Mimi sina neno baya juu ya marehemu wale. Walikuwa na shida, wakaahidiwa njia ya mkato. Hasira yangu ni kwa anayeiuza njia hiyo.

Ila lipo linaloniuma kuliko hata biashara hiyo, na limeingia mpaka kwenye nyumba za ibada zinazoheshimika. Sala zetu zimekuwa za kila mtu na lake. Kazi yangu, kiwanja changu, mtihani wa mwanangu, adui yangu. Mtu anaweza kusali mwaka mzima asimtaje jirani isipokuwa kwa kumshtaki. Kwa watu wa ukanda huu, imani ya namna hiyo ni ngeni na haitatufikisha popote.

Sisi tumelelewa na mvua. Huku hupatikana kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, zote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, na katikati ya msimu jua huweza kurudi wiki kadhaa mpaka uwele ukajikunja. Nyumbani kwetu Chamwino mama alikuwa Mwanglikana, baba mdogo Mwislamu, na babu hakuwahi kubatizwa. Januari jua likizidi, wote watatu walitazama upande ule ule wa mbingu.

Na kila mmoja alikuwa na njia ya kuomba ambayo hakuweza kuifuata peke yake. Zamani watemi wa Wagogo walikuwa na dhamana ya mvua ya nchi yao nzima. Kiangazi kikizidi, walidaiwa wao. Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, wenyeji wameendelea kwenda kuomba mvua na uponyaji. Waanglikana, ambao kazi yao huku ilianzia Mpwapwa miaka ya 1870, huomba mvua kanisani kwa sauti moja. Waislamu hutoka uwanjani kwa unyenyekevu, wakasali rakaa mbili, na imamu hugeuza shuka lake ili hali nayo igeuke. Kabla ya siku hiyo watu huhimizwa kutubu, kutoa sadaka na kurudisha haki za wenzao. Hilo la kurudisha haki ndilo ninalolipenda kuliko yote. Huwezi kwenda kuomba mvua huku umeshikilia shamba la yatima.

Kijana wangu mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) huniambia, "Mjomba, mvua inaletwa na hali ya bahari na pepo, si sala." Sibishani naye. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nausikiliza, na mkulima asiyeusikiliza anajiumiza. Lakini utabiri haujawahi kumpelekea mjane kibaba cha mbegu. Mvua za huku hunyesha kwa vipande: kijiji hiki kinalowa, cha jirani kinabaki vumbi, na waliolowa hawakuwa watakatifu kuliko wenzao. Nikilifikiria hilo, naona sala ya mvua inamalizikia mikononi mwetu. Tuliomba pamoja, imenyesha kwangu, basi jibu la ombi la jirani limepitia shambani kwangu, na ana haki ya kunigongea.

Wazee walisimulia Mtunya, njaa iliyoimaliza Ugogo kati ya 1917 na 1920. Mvua zilikosekana, ni kweli. Lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe, na wanaume wakapelekwa kubeba mizigo ya vita. Watu wakafa, wengine wakatawanyika. Kwa hiyo nikimsikia mhubiri au hatibu akisema ukame ni adhabu ya dhambi za wanakijiji, damu inanichemka. Aseme pia nani alibeba ghala. Hata leo aseme nani anakata miti ya mkaa kwa malori, na nani hununua uwele wa mkulima kwa bei ya kutupa ukiwa bado kondeni.

Naamini Mungu husikia mtu mmoja chumbani kwake, saa nane za usiku, akiwa hana wa kumwambia. Mama alisali hivyo na sitalidharau. Ninachokitaka ni kwamba akitoka chumbani aingie kwenye sala ya wengine.

Basi nawaomba masheikh, mapadre na wachungaji wa kata zetu: Novemba hii, kabla watu hawajaotesha, pangeni siku moja ya kuomba mvua, kila mmoja kwa taratibu za dini yake. Siku hiyo sadaka isitumwe kwa simu. Iletwe mbegu ya uwele na mtama, ihifadhiwe kwa mtendaji wa kijiji kwa ajili ya kaya ambazo mbegu zao zitakauka Januari na kulazimika kupanda upya. Orodha ya kaya hizo ianze na wajane na wazee wanaolea wajukuu, na isiulize mtu anasali wapi.